Mshenga wa Dakika ya Saba

Maktaba hii haina vitabu.
Ni mistari laki sita ya C++
iliyoandikwa na watu tusiowajua,
na inajua kuichukua sauti, kuikata vipande,
kuvirusha, kuvipanga tena upande wa pili
kabla sikio halijashuku.
Java haiijui. Java imelelewa nyumba nyingine,
nyumba yenye mfagizi,
ambako hakuna mtoto anayeosha sahani yake.

"Tunahitaji mshenga," alisema Hilkka Ojaniemi,
akavua glavu, akawasha birika.
Ilikuwa Februari, mjini Oulu,
digrii ishirini na saba chini ya sifuri,
na dirisha la ofisi limeota manyoya.

Mshenga, basi. Si bwana harusi, si bibi harusi.
Huingia kwa wakwe amevua viatu,
hugeuza jina hili kuwa jina lile,
namba hii kuwa namba ile,
na pilau haonji.
Hilkka alimjenga kwa wiki tano:
milango mia mbili na kumi na minne,
kila mmoja na jina refu kama treni ya mizigo,
ukikosea herufi moja tu, mlango haupo.

Kule Sodankylä, kilomita mia tatu na ushee,
Kaarlo Niskala alikuwa anajifunza upya kusema.
Kiharusi kilimwachia maneno manne,
moja lao tusi.
Vuokko, mtaalamu wa matamshi, alimfundisha kwenye skrini:
Tazama midomo yangu. Sema *maito*. Maziwa.
Mzee akakunja uso, akakusanya pumzi,
"Ma—"
na picha ikaganda, mdomo wazi.

Kila siku, dakika ya saba.
Si ya sita. Si ya nane.

Mjumbe hauawi, husemwa.
Wetu aliuawa asubuhi na jioni,
na maiti yake ilikuwa faili moja,
kurasa arobaini za namba,
Hilkka akiipasua kimya kama daktari wa mochwari.
Nilimwambia, labda ni mtandao.
(Sisi hulaumu mtandao kama wengine wanavyolaumu jini.)
Nikamwambia, labda ni simu ya mzee.
Hakunijibu.

Usiku wa Alhamisi akaniita kwa kidole.
"Tazama. C++ inaita kutoka uzi wake yenyewe,
uzi ambao Java haijawahi kuuona.
Inapiga hodi kwenye anwani tuliyoipa mwanzo.
Lakini mwanzo tulisema *shika*.
Hatukusema *shikilia*."

Dakika ya saba ndiyo zamu ya mfagizi.
Alipita, akakuta kitu hakina mwenyewe, akakizoa.
Nyuma yake hodi ikapigwa
kwenye kiwanja kitupu.

Shika. Shikilia.
Herufi tatu za katikati,
na mzee anakosa nusu ya maziwa.

Aliongeza mistari tisa.
Wa kuukaribisha uzi mgeni na kuuandikisha.
Wa kushikilia.
Na mmoja alioufuta mara nne kabla hajaridhika,
ule wa kuachia,
kwa kuwa kinachoshikiliwa bila mwisho
hujaa ndani ya nyumba
mpaka kumbukumbu ikose pa kukaa.

Jumatatu hatukusikia sauti ya mtu.
Haturuhusiwi; wala mshenga hasikilizi chumbani.
Tuliona saa tu, namba za kijani
pembeni mwa skrini:
sita na sekunde hamsini,
saba,
Hilkka ameshika kikombe bila kunywa,
nane,
kumi na moja,
ishirini na tatu, wakaagana wenyewe.

Saa sita mchana Vuokko alituma ujumbe:
*Leo amesema maito. Mara mbili.
Kisha akanitukana, kwa ufasaha kabisa.*

Hilkka aliusoma, akacheka puani,
akainywa kahawa yake iliyopoa,
akafungua hitilafu inayofuata:
kamera ya mbele, picha kichwa chini.